Ukiona Vyaelea: Asili ya Picha na Historia ya Ziwa Letu

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, mchana, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliopoteza maisha walizidi 220. Jioni ile kila mtu jijini Mwanza alikuwa ameinamia simu yake, nami nilikuwa nimeinamia yangu. Saa mbili usiku nilipokea picha ya chombo kilicholala kifudifudi, watu wamesimama juu ya tumbo lake na maji yametulia pande zote. Chini yake palikuwa na maneno mawili: "Nyerere, Ukara." Sikujiuliza lolote. Niliituma katika kundi la WhatsApp la waliokuwa wanafunzi wangu, nikaongeza sentensi moja ya majonzi na nyingine ya hasira kuhusu usimamizi wa vyombo vya majini.

Hazikupita dakika kumi, mmoja wao akanijibu: "Shikamoo Mwalimu. Hiyo si MV Nyerere. Hiyo ni MV Bukoba. Baba yangu alikuwa humo."

Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza. Binti yule alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Picha ile ameibeba moyoni miaka yote, na anaifahamu kama wengine wanavyofahamu picha ya harusi ya wazazi wao. Mimi, mwalimu wake, niliichukua maiti ya baba yake nikaipa jina la msiba mwingine.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi. Kila mwaka, katika mhadhara wa kwanza, huwaambia vijana kwamba hati isiyojulikana imetoka kwa nani, lini na kwa njia gani, bado haijawa ushahidi. Ni karatasi tu. Na usiku ambao kanuni hiyo ilihitajika kweli, niliisahau. Makala hii ni malipo ya deni hilo. Nataka kuonyesha kwamba swali la asili ya picha na historia ya mabadiliko yake halikuletwa na simu janja wala na akili unde. Katika fukwe za ziwa hili swali hilo lina zaidi ya miaka 160, na kila kizazi kililipia gharama yake.

Kilima, mkalimani na ziwa lisilo na mwisho

Tuanze na picha iliyochorwa kabla mchoraji hajafika. Katikati ya miaka ya 1850, wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wakiwa pwani ya Afrika Mashariki, walikusanya masimulizi ya wasafiri wa misafara na kutengeneza ramani iliyochapishwa Ulaya mwaka 1856. Ndani yake palikuwa na ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Wasimulizi hawakusema uongo. Mmoja alizungumzia Tanganyika, mwingine Nyasa, mwingine Nyanza. Kosa lilikuwa katika kuunganisha: taarifa tatu za kweli zilishonwa pamoja zikazaa ziwa ambalo halikuwapo.

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir ndiye aliyewafungua macho kwamba maziwa yale ni mbalimbali. Burton alikuwa mgonjwa, hivyo Speke akaelekea kaskazini bila yeye. Tarehe 3 Agosti 1858, akiwa juu ya kilima karibu na mahali ambapo leo ni jiji la Mwanza, aliona maji. Alikaa siku chache tu, akalipa ziwa jina la malkia wake, kisha akarudi Kazeh na kumwambia Burton kwamba amegundua chanzo cha mto Nile.

Hebu tumhoji Speke kama tunavyopaswa kuhoji video ya leo. Ulisimama wapi? Kilimani, upande wa kusini, ukitazama ghuba yenye visiwa. Uliona kiasi gani cha ziwa lenye eneo la kilomita za mraba takriban 68,000? Sehemu ndogo sana. Ulijuaje kwamba linaenea mbali kaskazini na kwamba mto unatoka huko? Niliambiwa. Uliambiwa kwa lugha gani?

Hapo ndipo penye utamu wa kisa. Mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India, kisha akarudi. Yeye na Speke walielewana kwa Kihindustani. Kwa hiyo maneno ya mwenyeji wa ukanda wa ziwa yaligeuzwa kwanza kuwa Kiswahili, kisha Kihindustani, kisha Kiingereza cha shajara, na mwishowe Kiingereza safi cha kitabu kilichochapishwa. Katika kila hatua kulikuwa na mkono, na kila mkono ulipunguza jambo au kuongeza jambo. Mwenyeji wa kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa na ujuzi wenyewe, hakuachiwa hata jina.

Burton alikataa, na pingamizi lake la msingi lilikuwa la haki: Speke hakulizunguka ziwa wala kuufuata mto, alikuwa na kilima na maneno ya kuambiwa. Mgogoro ukawa mkubwa kiasi kwamba ukapangwa mdahalo katika mji wa Bath, Uingereza, Septemba 1864. Siku moja kabla, tarehe 15, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Jibu lilipatikana mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipoondoka Kagehyi, mashariki ya Mwanza, kwa mashua iitwayo Lady Alice, akalizunguka ziwa kwa karibu miezi miwili na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja, lenye mto mmoja mkubwa unaotoka upande wa kaskazini.

Speke, basi, alikuwa sahihi. Na hili ndilo somo la kwanza, ambalo wanafunzi wangu hulipokea kwa shida: jambo linaweza kuwa kweli na bado likawa halijathibitishwa. Burton alikosea kuhusu ziwa lakini hakukosea kudai ushahidi. Anayesema "lakini mwishowe ilikuwa kweli" anasifu bahati. Uhakiki hupima njia iliyotufikisha kwenye jibu, kwa sababu kesho njia ileile itatufikisha kwingine.

Sangara, ndege na mkasi wa mhariri

Kisa cha pili wengi wetu tunakikumbuka, na bado kinauma. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza na pembezoni mwake. Ilipata tuzo kadhaa Ulaya, ikiwemo César ya filamu bora ya kwanza nchini Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huohuo iliteuliwa kuwania Oscar. Mada yake ilikuwa sangara: samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ghafla katika miaka ya 1980, akachangia kutoweka kwa mamia ya aina za furu, kisha akawa bidhaa ya kusafirishwa Ulaya. Filamu iliweka pamoja minofu inayopakiwa katika ndege za Ilyushin, watoto wa mitaani, wanawake wanaouza miili yao, vichwa na mifupa ya samaki iliyotundikwa juani, na swali lililorudiwa kwa marubani: ndege hizi zinapokuja, zinabeba nini?

Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu hiyo hadharani, akisema imelipaka taifa matope. Neno "mapanki" likatoka sokoni likaingia katika siasa. Nchini Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliandika makala katika jarida la Les Temps Modernes, kisha kitabu kizima, akiituhumu filamu kwa udanganyifu. Sauper alimshtaki. Mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimtia Garçon hatiani kwa kashfa, hasa kuhusu madai kwamba watoto walilipwa ili waigize matukio, na mwaka 2009 hukumu hiyo ikathibitishwa katika rufani.

Wasomaji wengi hapa Mwanza bado wanauliza: je, filamu ile ilikuwa ya kweli au ya uongo? Nadhani swali limeulizwa vibaya. Ndege zilikuwapo. Watoto walikuwapo, tuliwapita kila siku tukielekea kazini. Mapanki yaliliwa na watu, na mapanki yalisagwa kuwa chakula cha mifugo. Yote mawili ni kweli, na uwiano wake ndio uliokuwa na ubishi. Tazama jambo la silaha, ambalo ndilo zito kuliko yote. Katika filamu, rubani mmoja anasimulia kwa huzuni kwamba aliwahi kupeleka shehena ya kivita Angola, kisha akabeba zabibu kutoka Johannesburg kwenda Ulaya. Ni ushuhuda mzito, na sina sababu ya kuutilia shaka. Lakini ni ushuhuda wa Angola. Mtazamaji aliyeketi gizani huko Paris, akiwa ametazama ndege za uwanja wa Mwanza kwa zaidi ya saa nzima, aliondoka akiamini kwamba ameshuhudia silaha zikishushwa Mwanza.

Hakuna picha hata moja iliyohitaji kughushiwa ili imani hiyo ijengeke. Mpangilio wenyewe ulitosha. Ni ziwa la konokono la mwaka 1856 kwa mara nyingine: vipande vya kweli, mshono wenye mashaka. Hili ndilo somo la pili. Kujua kwamba picha ni halisi hakutoshi. Lazima tujue ilikaa wapi katika mlolongo, nini kilitangulia, nini kilifuata, na nini kilibaki sakafuni mwa chumba cha uhariri. Historia ya mabadiliko ni sehemu ya asili.

Lakini tusimlaumu mgeni pekee, maana sisi nasi tulijibu vibaya. Madai kuhusu mizigo ya ndege hujibiwa kwa hati: orodha za shehena, kumbukumbu za forodha, daftari za kuruka na kutua. Madai kuhusu mapanki hujibiwa kwa takwimu za viwanda. Ulimwengu ulipokuwa ukituuliza, sauti iliyosikika zaidi kutoka kwetu ilikuwa ya hasira. Na hasira, hata ikiwa na haki, haina tarehe wala sahihi. Haiwezi kuwekwa mezani mbele ya mtu anayetaka kuhakiki.

Samaki mwenye cheti

Cha kushangaza ni kwamba wakati huohuo Mwanza ilikuwa tayari inajua kuhakiki asili ya vitu, na kwa ustadi mkubwa. Ilijifunza kwa maumivu. Kati ya mwaka 1997 na 1999 soko la Ulaya lilifungiwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja: kwanza kwa sababu ya vimelea vya salmonela, kisha hofu ya kipindupindu, kisha habari za uvuvi wa kutumia sumu. Viwanda vilisimama, mialo ikanyamaza, na kaya nyingi za wavuvi zikaonja njaa katikati ya samaki.

Jibu halikuwa maandamano. Lilikuwa kumbukumbu. Mialo ilikaguliwa na kuboreshwa, maabara ya udhibiti wa ubora wa samaki ikajengwa Nyegezi, na kila shehena ikatakiwa kuwa na alama inayoweza kufuatwa kinyumenyume: kutoka boksi la minofu hadi zamu ya kiwandani, kutoka zamu hadi gari la barafu, kutoka gari hadi mwalo. Leo mkaguzi aliyeko Ulaya akitilia shaka boksi moja, anaweza kuuliza limetoka wapi, na lipo jibu lenye tarehe.

Msomaji, tafakari kinaya hiki. Kipande cha sangara kinachoondoka Mwanza kina historia ya maisha yake iliyoandikwa. Picha ya mtu aliyekufa maji katika ziwa hilohilo haina. Tumemthibitishia mlaji wa mbali asili ya kitoweo chake, lakini yatima wa MV Bukoba hatukuweza kumthibitishia asili ya picha ya baba yake.

Kilichomo ndani ya faili

Sasa tuje kwenye simu. Picha inapopigwa, simu nyingi huandika ndani ya faili taarifa ambazo jicho halizioni: aina ya kamera, tarehe na saa, na mara nyingine mahali penyewe kwa vipimo vya setilaiti. Hizo ni kama muhuri wa posta kwenye bahasha. Tatizo ni kwamba muhuri huo hubanduka kirahisi. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huibana ili iwe nyepesi na kuziondoa taarifa nyingi kati ya hizo. Picha niliyoituma usiku ule ilikuwa bahasha isiyo na muhuri, na aliyeandika "Nyerere, Ukara" chini yake ndiye aliyekuwa posta, mwandishi na shahidi kwa pamoja. Hata muhuri unapokuwapo si msahafu; tarehe iliyomo ndani ya faili inaweza kubadilishwa na kijana yeyote mwenye kompyuta.

Njia ya pili ni ile ninayopenda kuiita alama ya kidole ya faili. Kanuni ya kihisabati husoma faili lote na kutoa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Badili nukta moja tu ya picha, mfuatano unageuka kabisa. Mtunza nyaraka akiuandika mfuatano huo siku anapolipokea faili, miaka 20 baadaye anaweza kuthibitisha kwamba halijaguswa. Alama hii haitasema kama picha ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, lakini itasema kama ndiyo ileile.

Njia ya tatu ni mpya zaidi. Mwaka 2021 kampuni na mashirika kadhaa, yakiwemo Adobe, Microsoft, Intel na BBC, yaliunda umoja uitwao C2PA ili kuweka kiwango cha wazi cha kubeba asili ya picha, video na sauti. Wazo lenyewe mkaguzi wa Nyegezi angelielewa mara moja. Kamera inaweka saini ya kidijitali picha inapozaliwa. Mhariri akiikata, akiing'arisha au akiongeza kitu kwa akili unde, programu yake inaandika kitendo hicho na kuweka saini yake. Mtazamaji wa mwisho anafungua orodha na kusoma: imepigwa na kifaa hiki, imekatwa hapa, imeongezwa hiki. Mwaka 2023 Leica ilitoa kamera ya kwanza yenye uwezo huo ndani yake, M11-P.

Nayasifu haya, lakini kwa tahadhari. Kamera ile ni ghali kupita mshahara wa mwaka wa watumishi wengi wanaosoma ukurasa huu. Simu nyingi zinazouzwa mitaa ya Mwanza mjini hazina teknolojia hiyo, na mtandao unaoibandua mihuri ya zamani unaweza kuibandua na hii. Zaidi ya hayo, saini inathibitisha nani amesema. Haithibitishi kwamba amesema kweli. Filamu ya Sauper ingeweza kubeba saini sahihi katika kila kipande, na mtazamaji wa Paris angeondoka na imani ileile kuhusu silaha.

Ndiyo maana kazi kubwa imebaki kuwa ya kibinadamu. Ningetumia dakika tano tu usiku ule, ningeona. MV Nyerere ilikuwa kivuko na ilipinduka karibu kabisa na gati, nchi kavu ikionekana. Picha ile ilikuwa na maji matupu hadi upeo wa macho. Rangi zake zilififia kama za gazeti la zamani lililopigwa picha upya. Ningeweza kuitafuta picha hiyohiyo mtandaoni nikaona ilishatumika miaka ya nyuma. Na juu ya yote, ningeweza kumuuliza aliyenitumia swali ambalo Burton alimuuliza Speke: wewe umeipata kwa nani?

Sheria mbili za mwaka mmoja

Mwaka 2015 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili zinazohusu jambo hili. Ya kwanza ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayoadhibu, pamoja na mengine, usambazaji wa taarifa za uongo. Ya pili ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Nimewauliza wanafunzi darasani mara nyingi: ya kwanza wote wanaijua na wengi wanaiogopa, ya pili hawajaisikia.

Ni bahati mbaya, kwa sababu ya pili ndiyo yenye hekima ya kufundishia. Kifungu chake cha 18 kinaielekeza mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, kuangalia ulitengenezwa, ukahifadhiwa na ukatumwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani. Uadilifu wake ulilindwaje. Na aliyeuanzisha alitambuliwaje. Hayo ndiyo maswali ya Speke, ya Sauper na ya boksi la minofu, yamewekwa katika lugha ya sheria. Nayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2000 Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, ilikubali kwamba kumbukumbu za benki zilizotoka kwenye kompyuta zinaweza kupokelewa, na mwaka 2007 Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa ili kuruhusu ushahidi wa kielektroniki katika mashauri ya jinai.

Tumechagua, kama taifa, kukumbuka fimbo na kusahau kipimo. Raia aliyefundishwa kuogopa adhabu tu atanyamaza, hata anapokuwa na picha ya kweli. Raia aliyefundishwa kipimo atasema, na atasema akiwa na uhakika. Ofisi ya umma nayo, ikijua kipimo, haitatoa tamko la "habari hizo ni za uzushi" bila kueleza kwa hoja uzushi uko wapi. Kukanusha pasipo hati ni sawa na kudai pasipo hati. Yote mawili yanamtaka msikilizaji aamini sura ya msemaji.

Kwa wanaharakati nina neno la pekee, maana kwao jambo hili lina makali pande mbili. Muhuri uleule unaothibitisha kwamba video imepigwa mahali fulani saa fulani ndio unaoweza kumfikisha mtu mbaya mlangoni kwa aliyeipiga. Si kila asili inapaswa kutangazwa kwa kila mtu. Kinachotakiwa ni asili ijulikane na mtu anayeaminika: mhariri, wakili, mtunza nyaraka. Faili la awali lihifadhiwe bila kuguswa, alama yake ya kidole iandikwe pamoja na tarehe, na nakala iliyoondolewa taarifa za mpigaji ndiyo itolewe kwa umma. Tangu mwaka 2022 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inafaa tuisome tukiwa na jambo hili akilini.

Kwa watumishi wa umma, ombi langu ni dogo. Kila halmashauri, kila bandari, kila hospitali ina mtu mwenye simu anayepiga picha za matukio. Faili hizo hufa na simu zao. Zikusanyweni zikiwa mbichi, mziandikie nani, wapi na lini. Idadi ya waliokufa ndani ya MV Bukoba inabishaniwa hadi leo, wengine wakisema zaidi ya 800, kwa sababu orodha ya abiria haikuwa kamili. Pengo katika kumbukumbu halibaki pengo. Hujazwa na yeyote aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni mwenye haraka, kama nilivyokuwa mimi.

Na kwa wanafunzi: wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi wa ziwani tunayajua maneno haya kwa macho, maana tumewaona mafundi wakigonga mbao za mitumbwi kwa siku nyingi kabla chombo hakijagusa maji. Picha inayoelea kwenye kioo cha simu yako nayo imeundwa. Kuna aliyesimama mahali, akaelekeza kamera, akaacha vingine nje. Kuna aliyekata, aliyeandika maneno, aliyesukuma. Kuwatafuta watu hao si dalili ya ubishi, wala si kukosa huruma kwa waliopatwa na msiba.

Usiku ule niliifuta picha na kuandika kundini kwamba nimekosea. Kisha nikampigia simu binti yule kumwomba radhi. Alinijibu kwa upole ulionizidi umri. Aliniambia kwamba kosa lenyewe halikumuumiza sana kama alivyodhani. Kilichomuumiza ni kwamba kwa miaka mingi ameiona picha ile ikizunguka chini ya majina ya ajali mbalimbali, na kila mara amekuwa peke yake katika kundi anayejua ni nani waliomo.

Mwaka uliofuata tulikwenda pamoja Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa mwaka 1996. Alisimama kimya kwa muda, kisha akatoa mkobani kipande cha gazeti alichotunziwa na mama yake, kimekunjwa mara nne, kimeanza kuchanika mikunjoni. Picha ilikuwa ileile. Pembeni yake, kwa kalamu ya wino wa buluu, mama alikuwa ameandika jina la mumewe, tarehe, na jina la meli.